Nimemwaibisha Mama Chebet kwa kosa langu

Leo nimemfokea mama wa watu kwa foleni ya maziwa, na kosa lilikuwa langu.

Mnajua ile programu niliwaringia hapa? Mkulima wa Sosiot anatuma meseji ng'ombe ikitaka kupandishwa, programu inamtuma daktari wa mifugo kwake aipandishe kwa mbegu ya sindano.

Sasa asubuhi Mama Chebet, jirani yetu, akaniambia jana alingoja daktari mchana kutwa, ng'ombe ikiwa imefungwa hapo kwa geti. Hakuja.

Nikamjibu kwa sauti, watu wote wakisikia: "Mama, simu hujui kutumia. Programu haikosei."

Watu wakacheka. Yeye akabeba mtungi wake akaenda.

Nikafungua kompyuta nimtafutie ushahidi kwamba ni yeye alikosea. Wacha tu.

Programu yangu hushughulikia meseji kadhaa kwa wakati mmoja, lakini jina la mkulima nililiweka kwa variable moja, yaani kisanduku kimoja cha kushika jina, inayotumiwa na zote. Meseji yake iliingia vizuri. Kabla imalizike, ya mkulima mwingine ikaingia, ikaandika jina juu ya lake. Daktari akatumwa kwa huyo mwingine mara mbili. Mama Chebet sasa angoje wiki tatu tena, mpaka ng'ombe itake kupandishwa.

Kurekebisha? Mistari miwili!

Nikaenda jikoni kwake kuomba msamaha. Akanimiminia chai, akanisikiza mpaka mwisho, halafu akauliza polepole:

"Kijana wangu, mbona hii unaniambia huku jikoni?"

Kesho asubuhi niko kwa foleni. Mliocheka leo, mkuje.