Kendi na Gunia la Maharagwe

Mwanangu, kuna siku moja nisiyoisahau. Ni siku niliyomliza mtoto kwa zawadi niliyomnunulia kwa moyo mkunjufu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya wa chekechea huko Kaaga, karibu na mji wa Meru. Darasani nilikuwa na Kendi, msichana wa miaka mitano ambaye alikuwa bado hajaanza kuongea. Kengele ikilia, aliziba masikio. Sweta ya shule aliivua kila mara kana kwamba inamchoma, na mikono yake haikutulia: alipapasa ukuta, mchanga, nywele za wenzake. Nikaamua huyu anahitaji kuchangamshwa. Nikaenda Meru mjini, nikachagua ngoma ya plastiki ya betri, yenye taa na muziki.

Asubuhi nikaiweka mbele yake, nikaiwasha. Kendi alipiga ukelele, akaingia chini ya meza, akaanza kugonga kichwa sakafuni.

Mama Karimi, mpishi wetu, alikuja mbio kutoka jikoni. Aliizima ile ngoma kwanza, ndipo akaniangalia.

"Mwalimu, hii kitu ulimchagulia nani?"

"Kendi."

"Hapana, ulijichagulia wewe. Sasa kaa kando, tuone anaenda wapi mwenyewe."

Tukangoja. Kendi alipotoka chini ya meza alienda moja kwa moja jikoni, kwenye gunia la maharagwe, akazamisha mikono mpaka viwikoni. Akatulia. Kisha akachota maharagwe, akayamwaga polepole, akacheka. Hata leo nikisimulia, mwili unanisisimka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Wikendi hiyo nilishona mto mdogo wa kitambaa laini, nikautia maharagwe. Jumatatu Kendi aliuweka mapajani, akasikiliza hadithi mpaka mwisho. Nilimkimbilia mwalimu mkuu kumwambia, hata kiatu kimoja nikakiacha njiani. Mama yake Kendi alipoonyeshwa jinsi alivyotulia, aliketi chini akalia na kucheka kwa pamoja.

Sasa wewe unaniambia simu yako imejaa picha za mipira ya kufinya, bembea, na vitu vya kutafuna, na hujui umnunulie binti yako, ambaye naye ni kama Kendi, kipi. Nafurahi mno, maana enzi zetu havikuwepo. Lakini mtazame kwanza, hata wiki nzima. Anakimbia nini? Anatafuta nini? Anayeogopa kelele usimwongezee kelele. Anayetafuna kola ya nguo mpe kitu salama cha kutafuna. Jaribu kimoja kimoja, na akikataa usimlazimishe. Mto wa mapajani uwe mwepesi, aweze kuuondoa mwenyewe. Punje za maharagwe usimwachie akiwa peke yake, zisije zikamkaba. Na hospitalini kuna wataalamu wa watoto kama hawa. Waulize bila aibu.

Mungu amkuze binti yako katika afya njema, na wewe akupe nguvu mpya kila asubuhi unapoamka kwa ajili yake.