Maji ya Kalibu Yangu

Mimi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, tulikuwa mafundi kwenye karakana ndogo ya plastiki pale Mikumi. Tulitengeneza vifuniko vya makopo ya asali. Plastiki ya moto ikishaingia kwenye kalibu, chuma kinachoipa umbo, lazima ipozwe sawasawa kwa maji. Upande mmoja ukichelewa kupoa, kifuniko kinapinda na hakifungi.

Shemeji alikuwa mtu wa matundu: toboa chuma moja kwa moja, maji yapite, basi. Mimi nilizungusha mrija wa shaba kufuata duara la kifuniko, ili ubaridi ufike pande zote kwa pamoja. Tulibishana mpaka bosi akachoka. Akasema tushindane, na atakayeshinda aende kusimamia karakana mpya ya Kilosa. Kilosa ndiko walikokuwa mke wangu na wanangu. Nafasi ile niliitaka mno.

Asubuhi ya shindano shemeji aliniambia, "Wewe shughulika na mashine, shemeji. Mabomba niachie mimi."

Nikamwachia. Kwetu mtu hasimami nyuma ya mkubwa wa mkewe kumkagua kazi. Ni sawa na kumwita mwizi.

Vifuniko vyake vikatoka vimenyooka. Vyangu vilijikunja kama chapati za jana. Bosi akavigeuzageuza, akacheka, akampa shemeji mkono.

Wakati wa kufungua vifaa ndipo niliposhika mpira ulioingiza maji kwenye kalibu yangu. Ulikuwa wa moto. Nikaufuata. Haukutoka kwenye tangi, ulitoka kwenye kalibu ya shemeji. Maji yalipoza kazi yake kwanza, kisha yakaletwa kwangu yakiwa yameshapata moto.

"Shemeji, ndiyo nini hii?"

"Punguza sauti. Utaniaibisha mbele ya bosi kwa ajili ya vifuniko?"

Nikanyamaza. Nilimchukia, na kunyamaza kwenyewe kukanichoma zaidi.

Mwisho wa mwezi nikaenda Kilosa. Nilimkuta shemeji amekaa sebuleni kwangu, mwanangu wa mwisho amelala mapajani pake. Nikamwamkia shikamoo, maana adabu ni adabu. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

Mke wangu akanivuta jikoni, macho mekundu.

"Kaka ameniambia yote," akasema. "Nafasi ilikuwa yako, ukamwomba bosi akuache Mikumi. Huko Mikumi una nani?"