Mikono Juu ya Mama

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtoto mwema: siku ile nilitaka kumrushia shemasi wetu wa kike kiti. Kiti cha plastiki, kile cheupe chenye jina la kanisa mgongoni kwa rangi nyekundu, kana kwamba kuna mtu mtaani kwa kanisa, Jericho, anayeweza kukiiba akakaa nacho nyumbani asijulikane. Sikurusha. Nimejuta kidogo.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Kanisa letu lilikuwa limechagua watu kumi na wawili, kama mitume, wafunzwe kusaidia watu walioumizwa na mambo mabaya: moto, kuvamiwa, kufiwa ghafla. Mama alikuwa mmoja wao kwa sababu yeye ndiye hutumwa kwenye kila matanga. Mimi sikuchaguliwa na mtu. Nilikuwa pale kwa sababu tangu tuhame mtaa wa Pipeline, Mama haendi mahali peke yake. Nilimtoa nyumbani Njiru asubuhi, nikamfikisha ukumbini, nikakaa nyuma na kitabu cha kemia ambacho sikukifungua.

Mkufunzi alitoka upande ule mwingine wa mji, mama mpole mwenye nywele fupi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwaambia watu wazima wavue viatu. Baadhi ya soksi zilizotokea mle ndani zilihitaji ushauri nasaha wa kwao. Kisha akaeleza kwamba maumivu ya moyo hayakai kichwani tu, hukaa mwilini: mabegani, tumboni, kwenye pumzi. Akamuuliza mzee mmoja aliyestaafu reli, yeye huzuni yake anaihisi wapi. Mzee akafikiria sana.

"Magotini," akasema. "Lakini hiyo daktari alisema ni baridi yabisi."

Nilicheka mpaka nikatazamwa. Ila yaliyofuata niliyasikiliza. Mkufunzi alisema mtu akibanwa mahali pa hatari asiweze kukimbia, zile mbio hubaki ndani yake. Siku akijihisi salama, zinaweza kutoka kwa kutetemeka. Usimzuie. Usimguse kabla hujamuuliza na akakubali. Kaa karibu, acha mwili umalize. Akaandika hayo yote ubaoni, wakanakili wote, na shemasi akapiga mstari mara mbili chini ya neno usimguse. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nyuma yake.

Sasa lazima niseme habari ya ngazi. Pipeline tulikaa ghorofa ya sita. Siku mtungi wa gesi ulipolipuka ghorofa ya tatu, mimi nilikuwa shuleni. Mama alishuka na mdogo wangu kifuani, kwenye moshi, na kati ya ghorofa ya nne na ya tatu watu waliotoka juu wakamwangukia. Alilala juu ya mtoto, magoti na mikono ya watu ikimkandamiza mabegani, mpaka wakavutwa nje. Walipona wote wawili. Kila mtu akatuambia tushukuru Mungu, tukashukuru. Lakini tangu siku hiyo Mama akiweka mguu kwenye ngazi, miguu inakuwa jiwe. Darasa langu liko ghorofa ya tatu. Siku ya wazazi, mwalimu hushuka kuongea naye pale magari yanapoegeshwa, na mimi huwaambia wenzangu kwamba mathe ni waziri, waziri hapandi kwa wananchi. Yeye hucheka. Ila aliniambia tukiwa wawili kwamba anataka kitu kimoja tu kutoka kwa mafunzo haya: afike darasani kwangu kabla sijamaliza kidato cha nne.

Wakati wa chai niliwaigiza. Nikafunga macho, nikashika tumbo, nikawaambia akina mama waliomimina chai wahisi mandazi yakishuka polepole, na wayaulize yanasema nini. Hata Mama alicheka. Nilijiona staa.

Baada ya chai wakagawanywa watatu watatu: mmoja wa kufanyiwa, mmoja wa kuuliza, mmoja wa kutazama. Mama alikuwa wa kufanyiwa. Mzee wa reli akawa wa kuuliza, na shemasi akawa wa kutazama. Mzee alisoma maswali kwenye karatasi, polepole, kwa heshima zote. Akamuuliza miguu yake ingetaka kufanya nini.

"Kushuka," Mama akasema.

Magoti yakaanza kutetemeka. Kwanza kidogo, kisha mpaka miguu ya kiti ikawa inagonga sakafu ya saruji. Mzee alifanya kama alivyofunzwa: alitulia, akakaa naye. Na mimi, mtoto wake, unajua nilifanya nini? Nilisema kwa sauti, ukumbi mzima usikie, kwamba kuna mtu anampigia mathe simu, naye ameizima mlio, inatetemeka tu.

Wakacheka, wakageuka kutazama. Hapo ndipo shemasi aliposimama. Kanisani kwetu mtu akitetemeka hivyo maana yake ni moja tu, na kila mtu anajua kazi yake. Alimwekea Mama mikono miwili mabegani akamkandamiza kitini, akawaita wengine. Watu waliokuwa wamenakili usimguse saa mbili zilizopita wakaja peku peku, wakamjaza mikono kichwani, mgongoni, shingoni, wakaanza kuamuru pepo amtoke. Mkufunzi alikuwa upande ule mwingine wa ukumbi akisema tafadhali, tafadhali, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Katikati ya kelele nikasikia Mama. "Niacheni."

Shemasi naye alisikia. "Mnasikia?" akawaambia wenzake. "Huyo si yeye anayeongea."

Nilipita katikati yao, sijui nilimkanyaga nani. "Ni yeye," nikasema. "Mimi ni mtoto wake, hiyo sauti imenigombeza miaka kumi na sita. Toeni mikono."

Shemasi, macho yamefungwa, akaniambia wewe msichana uwe na adabu. Nikaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayetoa gundi. Mzee wa reli akasimama, magoti yake na yote, akasema mama huyu ameomba aachwe, basi aachwe. Wakatoa. Lakini Mama alikuwa ameshanyamaza mwili mzima. Mabega yamepanda masikioni, uso kama ukuta. Shemasi akatangaza kwamba amefunguliwa, wakapiga makofi.

Mkufunzi alipiga magoti mbele ya Mama akamwomba msamaha. Alisema kosa ni lake, hakuwa amewauliza watu wa hapa kutetemeka kwao kuna maana gani. Ulikuwa ukweli, na ulinikasirisha zaidi, kwa sababu hilo swali lingechukua dakika chache kuliko zile alizotumia kuwavua watu viatu. Mama akamshukuru, akauliza viatu vyake viko wapi.

Nyumbani nilimwambia naomba radhi kwa ule mzaha. Akasema ulikuwa mzuri, angekuwa mimi angecheka. Nilitaka anichape. Nilitaka avunje sahani. Aliosha vyombo, akavipanga, na mimi nikabaki na hasira yangu na yake.

Asubuhi ya siku ya pili ya mafunzo akavaa, akasema twende. Mlangoni mwa ukumbi shemasi alikuja mikono wazi amkumbatie.

"Hapana," Mama akasema. "Usiniguse."

"Mama, si ni mimi dada yako?"

"Najua ni wewe. Hapana."

Ile mikono ilibaki hewani, haina pa kwenda. Mama akapita, akakaa kwenye kiti, akamwita mzee wa reli aanze tena pale walipoachia. Magoti yakaanza. Sikusema neno, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kemia. Shemasi alikalia viganja vyake, akilia, sijui kwa aibu au kwa kukosewa, na sikumwonea huruma. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe Mama alishusha pumzi, mabega yakashuka nayo, akaomba maji.

Jumapili shemasi alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba maombi yake yalimfungua mtu. Mama aliimba wimbo uliofuata bila kugeuka.

Siku ya wazazi muhula huu alipanda ngazi sita. Alitetemeka kwenye ya saba, wazazi wenzake wakimpita na kumkodolea macho, nami nimesimama chini yake nikimtolea macho kila aliyejaribu kumshika kiwiko. Kisha akasema leo basi, tukashuka. Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe shemasi, niache hasira. Nimebakiwa na mwaka mmoja na ghorofa tatu. Mama akifika darasani, waniulize tena.