Kikosi cha Nyuma ya Uzio

Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka ile tulipopanga nyumba Mount Druitt, huku ughaibuni, nikishatoka kazini ghalani kule Smithfield sikuwa na safari nyingine ila ya kutoka kwenye kochi hadi kwenye uzio wa nyuma, na hiyo nayo nilipumzika njiani. Aliyenivuta hadi uzioni kila Jumamosi ni jirani yangu, mzee kutoka Burundi. Ujanani alizunguka karibu nchi yake yote kwa miguu, akiwa katika kikosi cha watu waliojitolea kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Historia nimeisoma hadi kidato cha nne. Nilikariri sababu za vita na matokeo yake, siku ya mtihani nikaandika matokeo kwenye swali la sababu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza wanajeshi walikula nini, wala nani alibeba chumvi. Kwa jirani niliyapata hayo. Chumvi ilibebwa ndani ya soksi, na mwenye soksi alilala katikati ya wenzake, analindwa kama bibi harusi. Betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu. Safari moja waliteka makatoni ya mabuti, wakashangilia, kuyafungua wakakuta yote ni ya mguu wa kushoto.

"Sasa mguu wa kulia mlivaa nini, kamanda?"

"Kushoto vilevile. Ungeona alama chini ungesema kikosi kizima kinaruka na mguu moja."

"Mguu mmoja."

"Asante, mwalimu."

Ndivyo alivyoniita, maana mimi niliyefeli historia nilikuwa na ugonjwa wa kumsahihisha Kiswahili chake. Akisema "viatu yangu," nilisema "vyangu" kabla hajafunga mdomo. Yeye alivuka mito. Mimi nilivusha viambishi.

Alikuwa na dada yake mdogo aliyekaa Rooty Hill. Dada akija kumtembelea alileta sufuria ya maharage na maneno yake. Hakumwita kaka. Alimwita mwanajeshi.

"Huyu mwanajeshi, jirani, alituacha mimi na mama akaenda kujitolea. Nikalima peke yangu, nikakimbia na mama peke yangu, nikamzika kambini peke yangu. Hebu muulize kama huko kwenye kikosi chake alikumbuka hata kuni."

Mzee alicheka kidogo na kutazama nyasi. Alitamani dada yake amsamehe, nilijua, kwa sababu siku ambayo dada yake angekuja alifagia uwanja tangu asubuhi, naye hakuwa mtu wa kufagia.

Jumamosi moja walikaa nje wote wawili, dada anakoroga chai, mimi na kiti changu upande wangu wa uzio. Nikaona nimesikia katikati ya hadithi mara nyingi bila mwanzo wake.

"Kamanda, kikosi kilikupataje?"

"Siku nilitolewa nyumbani, mvua ilikuwa..."

"Nilipojitolea," nikamrekebisha. "Kinachotolewa ni gunia, linatolewa stoo. Wewe ulijitolea."

"Hapo sijakosea, mwalimu."

Kijiko cha dada kikasimama ndani ya kikombe. "Ulitolewa na nani?"

Mzee alimgeukia.

"Walitaka mtu mmoja kila nyumba. Wakauliza, msichana wenu iko wapi? Wewe ulikuwa kisimani. Mama akanisukuma mbele kabla hujarudi. Akaniambia, sema umetaka mwenyewe. Mtoto akijua atabeba hiyo maisha yake yote."

Ile "iko wapi" niliisikia. Safari hii niliimeza.

Ningenyamaza moja kwa moja, lakini udadisi wangu hauna adabu. "Kwa hiyo kikosi kizima mlikuwa hivyo?"

"Wengine walijitolea. Wengine tulitolewa. Jina la kikosi lilikuwa moja."

Dada yake alimtazama. "Miaka yote hii umeniacha niseme."

"Ulikuwa unasema vizuri."

Hakucheka. Alipangusa macho kwa ncha ya kitenge, kisha akachukua birika. Kawaida yake alinimiminia mimi kwanza, mgeni wa uzioni, na mwanajeshi akajihudumia. Siku hiyo alijaza kikombe cha mzee, akakigeuza mkono wa kushikia umwelekee.

"Kaka, chai."

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Mimi nikanyoosha mkono wangu juu ya uzio, kama kawaida.

"Wewe jirani umesahihisha vya kutosha leo," dada akaniambia. "Rudi kwenye kochi."

Nikarudi bila chai, na njiani sikupumzika. Wao walibaki wanaongea Kirundi, kwa sauti ya chini, lugha ambayo siwezi kumsahihishia mtu. Nami hadi leo najiuliza yale mabuti ya mguu wa kulia waliletewa akina nani.