Kibaraza cha Mwalimu Leland

Miaka yote aliyofundisha useremala katika sekondari ya mji wao mdogo huko Wisconsin, Leland Gunderson hakutaka kusikia habari za wanafunzi kuchonga vijimeza vya maonyesho. Kila vuli aliwatoa wakamjengee mtu asiyejiweza njia ya mbao ya mteremko, kutoka mlangoni hadi chini, ili kiti cha magurudumu kipite. Ilikuwa bure kabisa. Siku ya kukabidhi kulikuwa na keki, picha ya gazeti, na mwenye nyumba kusema maneno mawili ya shukrani.

Kilichomuudhi ni watu waliojengewa halafu wakaendelea kujifungia ndani. Verna Kolpak, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyemchosha zaidi. Alikuwa na njia yake nzuri tu, lakini asubuhi hadi jioni uso wake uko dirishani.

"Uvivu huo," Leland alikuwa akisema. "Unafunguliwa njia, unang'ang'ania kiti."

Haya, kisukari kikamkata yeye miguu, chini ya magoti. Tangu masika alikaa ndani akiziangalia ngazi za mlangoni mwake kwa chuki. Alichotaka hakikuwa kikubwa: Ijumaa aende mwenyewe ukumbini kanisani kula samaki wa kukaanga na wenzake, bila mpwa wake kumbeba kama gunia la viazi.

Wanafunzi walimaliza njia yake Ijumaa moja ya Novemba. Kiongozi wao alikuwa Tessa, binti mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Hatukubadilisha hata inchi, Mwalimu," alisema. "Ni mchoro wako uleule, bado umebandikwa ukutani karakanani."

Leland alilia mbele ya watu wala hakuona haya. Keki ikaliwa, picha ikapigwa, wakatawanyika. Akavaa kofia, akausukuma mlango wa nje kwa kiti, akateremka mwenyewe hadi barabarani. Raha aliyoisikia kifuani, tangu akatwe miguu hakuwahi kuisikia.

Kumbe glovu kaziacha mezani. Akageuza kiti, akapanda tena.

Mlango ule, kama milango yote ya kuzuia baridi ya mji huo, hufunguka kwa nje. Akauvuta, ukamgonga magoti. Arudi nyuma kidogo, kibaraza cha mbao cha hapo mlangoni kimekwisha, magurudumu yako kwenye mteremko. Akishika reli asiteleze, mlango unajifunga. Akishika mlango, kiti kinateremka naye. Alijaribu hadi vidole vikafa ganzi. Kutoka unatoka vizuri. Kurudi ndani peke yako huwezi, na usiku wa huko baridi yake inaua.

Dirisha la Verna likafunguka kidogo.

"Shika reli, Leland, utaanguka. Mimi nilianguka."

Leland akautazama mlango wa ng'ambo. Kibaraza chake na kile cha Verna vilikuwa kitu kimoja. Akawakumbuka wale wengine wote aliowajengea, kila mmoja na mchoro wake uleule mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie saa ngapi? Kipande cha keki mkononi, watoto wa watu wamepanga mstari wananichekea."

"Hata baadaye, Verna!"

"Baadaye ulikuwa unaniita mvivu."

Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Hapo Tessa akatokea mbio, kasahau drili yake kwenye majani. Alipomwona mzee amekwama, akapanda na kumshikia mlango kwa tabasamu lake lote.

"Mwalimu, mbona uko nje? Kuna kasoro tuirekebishe? Jumatatu tunaanza ya mzee mwingine."

Leland akafungua mdomo. Maneno aliyajua: kibaraza kifupi, mchoro wangu mbaya, uchaneni. Akaitazama ile mikono ya mtoto, imejaa malengelenge kwa ajili yake.

"Hamna, mwanangu," alisema. "Nzuri sana. Mungu awabariki."

Tessa akamwingiza ndani, akamfungia mlango vizuri, akaenda zake na drili. Leland akavua kofia, akakisogeza kiti dirishani. Verna alikuwa bado kwenye dirisha lake, kasikia yote. Hakumcheka. Alimwinulia mkono, kama anavyokaribishwa mgeni.