Bokali Kumi na Moja za Mama Mkubwa

Nikiona mtu anatupa chupa ya mdomo mpana eti kwa sababu jamu imeisha, namkaripia, hata kama niko nyumbani kwake. Sisi tuliokulia kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini kule Panda, mjini Likasi, chupa hizo tuliziita bokali. Miaka ile kampuni ilipoacha kugawa posho ya unga na mshahara ukawa hadithi, bokali ndizo zilikuwa ghala letu.

Ufundi wenyewe hatukuzaliwa nao. Mama alifundishwa na jirani tuliyegawana naye ukuta, mwanamke aliyemzidi umri kidogo. Mama alimwita yaya, yaani dada mkubwa, sisi watoto tukamwita mama mkubwa. Zamani alikuwa akipika katika nyumba ya mkubwa mmoja wa kiwandani Shituru, na huko aliokota bokali walizotupa: za mayonezi, za kahawa, za matango ya siki. Lengalenga, mchicha wa kwetu, aliichemsha kidogo kwa chumvi, akaianika kivulini. Nyanya alizikata vipande na kuzitandaza juu ya bati. Jani likivunjika kwa sauti kiganjani, linaingia kwenye bokali. Likijikunja tu, linarudi mkekani, maana jani moja bichi huozesha yote. Bokali zake kumi na moja alizipanga juu ya ubao, za kuliwa kwanza mbele, za kungoja nyuma.

"Yaya, jikoni yako iko kama farmasi," mama alimtania, na wivu ulimjaa hadi machoni.

Kisha wakaja vijana kutangaza kwamba watu wenye asili ya jimbo la Kasai warudi kwao. Kwao! Mama mkubwa alizaliwa Likasi. Huko Kasai hakuwahi hata kufika kwa msiba. Lakini mumewe alipigwa njiani akitoka kazini, na asubuhi moja walibeba watoto, magodoro na sufuria wakaenda stesheni, kulala nje pamoja na umati wa wengine, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Mboga zake kavu alizimimina kwenye kitambaa, kwa kuwa chupa zingevunjika.

"Mudogo wangu, unichungie bokali zangu," alimwambia mama, akaondoka bila kugeuka.

Wiki mbili baadaye, mwanamke muuza makala, yaani mkaa, aliyepitia stesheni alituletea neno.

"Yaya yako anasema umupelekee bokali zake. Mvua inanyesha, bintu yote iko naoza."

Kutoka kwetu hadi stesheni ni mwendo wa miguu tu. Mama angeweza kwenda jioni ileile. Lakini kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Sahani ya jirani hurudi walau na nyanya mbili. Kuirudisha hivihivi ni kumwambia asikuletee kitu tena. Mama akaapa atazijaza zote kumi na moja.

Ilikuwa majira ya mvua. Lengalenga ilijaa bustanini nyuma ya nyumba, lakini jua halikuonekana. Basi tukakausha majani juu ya mbabula, jiko letu la makala, kiganja baada ya kiganja, mimi nikigeuza hadi macho yakaniwasha. Siku ya nne zilikuwa zimejaa bokali tatu. Siku ya tisa, sita.

"Mama, tupeleke hizi sita," nilimwambia.

"Hapana. Atawaza nimeiba zingine."

Baba alijaribu kusema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akanyamazishwa kwa jicho. Na niseme ukweli wote, kwa kuwa mama hayupo tena wa kunikataza: kulikuwa na woga pia. Vijana walikaa kwenye njia ya stesheni wakiangalia nani anawapelekea wale watu chakula, na mama alikuwa na watoto watano. Hadi leo sijui heshima iliishia wapi na woga ulianzia wapi. Nadhani hata yeye hakujua, na heshima ilimpa pa kujifichia.

Bokali ya mwisho ilifungwa siku ya kumi na tano. Kesho yake asubuhi mama alivaa kitenge chake cha kanisani, tukabeba vikapu viwili. Vijana walitutazama tu, hakuna aliyetugusa. Stesheni tulikuta treni imeondoka jana yake. Palibaki matope, mafiga yaliyolowa, na watu waliokosa nafasi. Mama alipoulizauliza, mwanamke mmoja aliyekuwa amelala karibu na mama mkubwa alisogea, akatazama vikapu vyetu.

"Weye njo mudogo wake wa Panda?"

"Ni minye."

"Alikuwa anaangalia ile njia kila asubuhi. Mutoto wake wa mwisho alikufia hapa, kuhara. Siku ileile ya kumuzika njo alikutumia neno."

Mama alifunua kitambaa ili yule mwanamke aone. "Nilikuwa nazijaza. Aliomba bokali zake."

"Bokali? Angetia nini ndani? Hakukuwa hata unga. Alisikia haya kukuambia ukuye mumulilie mutoto pamoja."

Mama aliketi palepale kwenye matope na kitenge chake kizuri. Nilimkasirikia, na hasira hiyo niliibeba miaka mingi baada ya huzuni kupungua. Mboga tulimwachia yule mwanamke, pamoja na bokali zenyewe. Yule mtoto nilikuwa nikimbeba mgongoni tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake alimlilia siku kumi na tano katikati ya watu asiowajua, karibu kabisa na kwetu, na sisi tulikuwa nyumbani tunakausha lengalenga.