Mashine Iliyovishwa Kitambaa

Kazi yangu ni kupima vitu ambavyo havionekani. Mashine inafyonza hewa, vumbi jembamba linanasa kwenye karatasi ya chujio, kisha maabara tunatafuta risasi, zinki na shaba iliyomo, kiasi kidogo mno hata jasho la kidole linaweza kuvuruga kila kitu. Ndiyo maana chupa zangu hulowekwa kwenye tindikali kabla ya kutumika, na karatasi naishika kwa kibanio cha plastiki, kamwe si cha chuma. Wenzangu wananitania kwamba nina wivu na karatasi kuliko na mke wangu. Waache wacheke. Uchafu wa mpimaji ukishaingia, hakuna awezaye kuutenganisha na uchafu wa mji.

Kariakoo nilienda kwa ajili ya bibi mmoja wa ukoo wa Kiarabu, mwenye duka la vitambaa chini na makazi yake ghorofani. Mjukuu wake wa kike alikutwa na risasi kwenye damu. Mtoto alikuwa amenyong'onyea kabisa, tumbo linamsokota, herufi alizokwisha kuzijua zinampotea. Daktari alisema aondolewe kwenye chanzo. Chanzo, kwa bibi, hakikuwa na ubishi: uchochoroni nyuma ya nyumba vijana walikuwa wanayeyusha betri kuukuu za magari ili wauze risasi, na moshi ulipanda moja kwa moja hadi dirishani kwa mtoto. Alilalamika serikali ya mtaa, akaambiwa bila vipimo hayo ni maneno matupu. Basi akafunga dirisha, akabandika maboksi juu yake, akamsubiri mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ndiye mimi.

Niliifunga mashine kwenye kibaraza cha nyuma ghorofani, hatua chache kutoka lile dirisha.

"Shikamoo bibi. Naomba isiguswe na mtu."

"Marahaba mwanangu. Ondoa shaka, nitaitunza kama mboni ya jicho."

Na aliitunza. Kila nilipoenda kubadilisha karatasi nilipiga simu kwanza, maana ni nyumba ya watu na ina wanawake, na kila mara niliikuta mashine inang'aa. Nilimshukuru, nikanywa kahawa yake, nikarudi maabara nimeridhika.

Majibu yalipotoka sikuamini. Risasi ilikuwa kidogo sana, karibu sawa na ile ya karatasi ya kulinganishia ambayo haikuwahi kutoka kwenye kasha lake. Nikarudia. Nikaosha vyombo upya, nikarudia tena. Maabara hapakuwa na kosa lolote. Nikaweka sahihi, taarifa ikaenda serikali ya mtaa, malalamiko yakafungwa.

Nilipopata gari la kuchukua mashine nilikuwa Mchikichini, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nikaenda hivyo hivyo, bila kumtaarifu bibi. Msichana wa kazi akanifungulia.

Mashine ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa nailoni nene, ile yanayokuja nayo makochi mapya, imefungwa kwa kamba chini. Juu ya nailoni kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, pacha wa kile kilichokuwa juu ya televisheni na kile cha juu ya friji.

Bibi akatoka jikoni, akaona haya kidogo kwamba nimeikuta haijavuliwa.

"Huku nyuma vumbi jingi, mwanangu. Kitu cha watu cha thamani, nikiache kichafuke? Ukipiga simu ndiyo huwa naivua."

Nikataka kupiga kelele. Sikuweza, kwa sababu wakati huo huo niliona dirisha. Maboksi yalikuwa yamebanduliwa, pazia linapepea, na chini yake godoro, mtoto amelala chali mdomo wazi.

"Tangu watuambie hewa ni safi, namlaza hapo apate upepo," bibi akasema. "Joto lilikuwa linamtesa."

Nikamwambia. Sijui nilitumia maneno gani. Alisikiliza hadi mwisho, akakivuta kile kitambaa polepole, akakikunja kifuani.

"Kwa hiyo ni mimi?"

Nikasema si wewe bibi, ni mimi sikukueleza. Maneno hayo hayakumsaidia mtu yeyote. Akaenda kufunga dirisha, na mtoto akaamka analia kwa joto.

Niliomba kupima upya. Mkuu wangu akasema mashine inasubiriwa mkoa mwingine, foleni ni ndefu. Niliandika taarifa ya kuifuta ile ya kwanza, nikaipeleka mwenyewe serikali ya mtaa. Ofisa aliisoma, akaniuliza kama nina vipimo vipya. Sina. Akasema basi vya zamani ndivyo vilivyopo. Nilitoka pale nimekata tamaa, na mpaka leo sijaipata tena.

Bibi bado anafunga dirisha. Uchochoroni bado wanayeyusha. Wiki iliyopita nilipita kumjulia hali mtoto, na wale vijana wakaniona kupitia moshi, macho mekundu, mmoja anakohoa hadi anashika magoti.

"Mtaalamu, mambo! Wewe ndo umetutetea, bro. Njoo unywe soda."

Wakanisogezea kiti.